Dubai karibu, Mazimbu mbali

Mhariri, gazeti lenu nalisoma miaka mingi na sijawahi kuwaandikia hata mstari, ila ile habari ya wiki iliyopita ya wanafunzi wa sekondari kupelekwa Dubai ili wawe "raia wa dunia" imenikaa kooni. Picha kubwa, watoto na tisheti za kufanana mbele ya ghorofa, na mwandishi wenu hakuuliza hata walijifunza nini.

Nauliza mimi, maana mjukuu wangu alienda safari kama hiyo mwaka jana. Yuko fomu tatu, shule siitaji. Barua ilikuja inadai milioni tatu na ushee, mama yake akaingia mkopo wa vikoba ambao mpaka leo analipa. Mtoto karudi na marashi na mapicha simu nzima, namuuliza uliongea na nani kule, ananiambia dereva wa basi. Haya. Wiki hiyohiyo tunapita na bajaji Mazimbu, anaona kibao cha Kampasi ya Solomon Mahlangu, anageuka, "Babu, huyu Mahlangu ndo mwenye chuo?" Mhariri nilinyamaza mpaka tunashuka. Mtu kanyongwa na makaburu Pretoria, Aprili 1979, ana miaka 22, wenzake wa ANC, chama cha wapigania uhuru wa Afrika Kusini, wakaipa jina lake shule waliyokuwa wanaijenga hapahapa Morogoro, kwenye shamba la mkonge la zamani ambalo serikali yetu iliwapa, vijana waliokimbia kwao baada ya wanafunzi kupigwa risasi Soweto 1976 wakasoma hapo, wakalima, wakafuga, tukacheza nao mpira, wamekaa mpaka 1992 wakaturudishia majengo na makaburi ya wenzao wakatuachia, halafu mtoto aliyezaliwa Kihonda anadhani ni tajiri flani! Na kila asubuhi paredi anaimba Mungu Ibariki Afrika, tuni ileile wanayoimba Wasauzi mpaka leo, hakuna mwalimu aliyewahi kumwambia imetoka wapi.

Alafu shule hiyohiyo ukikamatwa unaongea Kiswahili unavishwa kibao shingoni mpaka umkamate mwenzio umvishe. Eti ndo kumwandaa kwa dunia. Dunia gani sasa? UNESCO wenyewe wamekipa Kiswahili siku yake, Julai 7, sisi tunakiadhibu. Huyu mtoto akikutana na Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu pale Kasulu, watu wako pale toka 1996, anakuja kumpigia Kiingereza? Burundi, Kongo, wote tuko nao jumuiya moja ya Afrika Mashariki na makao makuu yako Arusha, ila muulize azitaje nchi nane za jumuiya uone atakavyotoa macho. Maduka ya Dubai lakini anayajua kwa majina.

Mi nina pendekezo dogo. Kabla shule haijaomba pasipoti ya mtoto yeyote, apande daladala aje Mazimbu na fagio la chelewa. Apewe kaburi moja, afagie, asome jina, akaulize wazee na akatafute mtandaoni huyu alikuwa nani na kwao wapi, aandike kurasa mbili, kwa Kiswahili tafadhali. Akimaliza, aende hata Tokyo. Mi nipo siku zote isipokuwa Ijumaa, ndoo ya maji nitabeba mwenyewe. Na mwandishi wenu mwambieni aje naye, fagio lake nishalinunua.

Mwalimu mstaafu,
Kihonda, Morogoro