Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Huduma za Uuguzi na Ukunga, Wizara ya Afya, Dodoma

YAH: KUWALINDA WAUGUZI WANAOTOA TAARIFA ZA HATARI WODINI

Ndugu Mkurugenzi,

Kabla ya kumchoma mama mwenye kifafa cha mimba dozi inayofuata ya magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege ambayo ikizidi inaweza kusimamisha pumzi, muuguzi huhakikisha pumzi hazipungui 16 kwa dakika, goti linaitika likigongwa, na mkojo haupungui mililita 30 kwa saa. Muuguzi mgeni kazini akihesabu pumzi 12 huku mkubwa wake ameshavuta dawa kwenye sirinji, usalama wa mama uko kwenye neno moja la huyo mgeni: "Tusubiri."

Wengi hawalisemi. Anayeripoti kosa, hata lililozuiwa kabla halijamfikia mgonjwa, mara nyingi huambulia barua ya kujieleza. Kisha rosta humalizia: zamu za usiku mfululizo, likizo kusogezwa, ruhusa ya masomo kukwama. Wenzake wanaona, wananyamaza.

Tunaomba waraka kwa wauguzi wafawidhi wote, yaani wasimamizi wa wodi. Fomu ya tukio, ile ya kuripoti kosa au hatari, isiingie kwenye faili la nidhamu. Mapitio ya vifo vya wajawazito na watoto wachanga tayari yana kanuni ya kutotaja jina wala kulaumu. Kwa nini tusubiri kifo ndipo tuitumie? Barua ya kujieleza ibaki kwa wizi, ulevi kazini na kudhuru kwa makusudi.

Kwenye makabidhiano ya zamu, mfawidhi atenge dakika 5 na aulize: "Nini kingeweza kumdhuru mgonjwa usiku huu?" Akiuliza "Kuna tatizo?" ataambiwa hakuna. Aanze na mdogo kabisa kazini, maana mkubwa akishasema wengine huitikia tu. Ashukuru kwanza, ndipo ahoji.

Panapoharibika zaidi ni baada ya hapo: hoja inapokelewa vizuri, halafu kimya. Kwa hiyo iandikwe kwenye kitabu cha ripoti pamoja na jina la anayeishughulikia, na majibu yatolewe ndani ya siku 3. Ampuli za potasiamu kloridi, dawa inayoweza kusimamisha moyo ikichomwa kimakosa, zikikutwa droo moja na maji ya sindano ya kuchanganyia dawa, zihamishwe zamu hiyohiyo. Jambo likihitaji bajeti, mfawidhi aseme hivyo, na amelifikisha kwa nani.

Sanduku la maoni halitoshi. Ufunguo mara nyingi anao anayelalamikiwa, na miandiko inajulikana.

Timu ya usimamizi ya mkoa ikija, ilinganishe rosta za miezi 3 kabla na baada ya kila hoja, kisha izungumze na wauguzi wa zamu mfawidhi akiwa nje.

Ni sisi,
Wauguzi na wakunga wa wodi za wazazi