Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Vigezo Vipya vya Kuidhinisha Deraya

Ndugu wanachama,

Mahudhurio, fedha na vifaa vimo katika taarifa za katibu na mweka hazina, nami sitayarudia hapa. Taarifa hii karibu yote nimeitenga kwa kazi iliyotula muda kuliko nyingine yoyote mwaka huu: kuandika upya vigezo vya kuidhinisha deraya, yaani mavazi ya kivita ya wahusika wa hadithi tunayojitengenezea, kabla mtu hajatoka nayo na klabu. Inamgusa kila anayekata sponji, anayechapa helmeti kwa printa ya 3D na anayesubiri jibu la wakaguzi, kwa hiyo naomba isomwe yote kabla ya kura.

Ugonjwa wa vigezo vya zamani ulikuwa neno moja: "ipasavyo". Helmeti iwe na ukubwa ipasavyo, viungo vifichwe ipasavyo, rangi ifanane ipasavyo. Mkaguzi mmoja akisoma hivyo anapitisha, mwenzake anarudisha, na mjenzi hana pa kushika. Rasimu mpya imesimama juu ya kanuni moja tu. Kila sharti liwe jambo ambalo mjenzi anaweza kulipima mwenyewe, mezani kwake, kwa rula, kwa futi au kwa saa, kabla hajatuma hata picha moja. Sharti lisilopimika tumelifuta au tumelihamishia upande wa ushauri, na ushauri haumnyimi mtu idhini.

Tulianza kwa kuangalia wenzetu waliotutangulia. 501st Legion, klabu ya mavazi ya wahusika wa Star Wars iliyoanzishwa Marekani na Albin Johnson mwaka 1997, ina karatasi ya kila mhusika inayotaja kipande kimoja kimoja na jinsi kinavyotakiwa kuwa, na inatenganisha kiwango cha chini cha kuingia chamani na viwango vya juu ambavyo mtu huvifuata kwa hiari. Mandalorian Mercs, klabu ya deraya za wapiganaji wa Mandalore wa Star Wars hiyohiyo, wao wanamruhusu mwanachama kubuni mhusika wake mwenyewe, hivyo masharti yao yanashika zaidi sehemu zinazotakiwa na umbo lake. Tumechukua pande zote mbili. Mhusika anayejulikana atapimwa kwa karatasi yake. Mhusika wa kubuni atapimwa kwa orodha ya vipande na umbo, na rangi atachagua mwenyewe.

Madaraja ni matatu. Daraja la kwanza linaangaliwa kwa umbali wa mita 3, na ndilo pekee linalohitajika ili mtu atoke na klabu. La pili linaangaliwa kwa mita 1, na la tatu kwa kushika mkononi. Jambo ambalo halionekani kwa mita 3 si sababu ya kumrudisha mtu wa daraja la kwanza. Kifungu hicho ni kifupi, lakini naona ndicho kitakachotuondolea ugomvi mwingi: mshono wa milimita moja ndani ya kwapa hauwezi tena kumzuia mtu kushiriki.

Rasimu haitaji malighafi ya lazima. Sponji ya EVA, plastiki ya ABS, glasfaiba au kipande kilichotoka kwenye printa ya 3D, vyote sawa. Tunapima umbo, uimara na usalama. Vilevile rangi ya ngozi, jinsia, unene, kimo, miwani au kiti cha magurudumu si vigezo, na mkaguzi haruhusiwi kuviandika katika jibu lake. Vipimo vyote vinahesabiwa kwa mwili wa anayevaa. Mhusika wa hadithi anaweza kuwa na zaidi ya mita 2, lakini deraya yake ikivaliwa na mtu wa mita 1.6 inatakiwa imkae mtu huyo.

Helmeti ndiyo iliyotuchukua muda mrefu zaidi, kwa kuwa ndiyo inayoonekana kwanza na ndiyo inayokosewa kwa sababu isiyo dhahiri. Helmeti kubwa mno humfanya aliyevaa aonekane mtoto aliyebeba ndoo kichwani. Wengi hudhani mjenzi amekosea kupima kichwa. Mara nyingi alipima vizuri, kisha akakuta tundu la shingo ni jembamba kuliko urefu wa kichwa kutoka pua hadi kisogo, akaipanua helmeti nzima ili kichwa kipite. Hapo ndipo inapoharibika. Ukiongeza kipimo kwa asilimia 10, upana na kimo vyote vinaongezeka kwa asilimia 10, na ujazo unapanda kwa asilimia 33. Dawa ni kuiacha helmeti katika ukubwa wa kichwa na kuifungua: kata sehemu ya nyuma au kidevu, kisha irudishe kwa bawaba au kwa sumaku ndogo za neodimiamu zenye kipenyo cha milimita 10 na unene wa milimita 3. Weka alama kwenye pande za sumaku kabla ya kuzigandisha, maana ukigeuza moja vipande vitasukumana badala ya kushikana, na kuing'oa kwenye gundi kavu huvunja ukingo.

Sharti lenyewe ni hili: nafasi kati ya kichwa na ukuta wa ndani wa helmeti, juu ya masikio, isizidi milimita 25 kila upande kabla ya kuweka sponji ya ndani. Anayechapa kwa printa asianze na helmeti nzima. Achape kwanza pete ya majaribio yenye kimo cha milimita 10, iliyokatwa kwenye mfano pale helmeti ilipo pana zaidi, aivae na kupima. Pete huisha kwa muda mfupi; helmeti nzima inaweza kula siku kadhaa.

Baada ya ukubwa tunaangalia mkao. Mjenzi abandike vipande vidogo vya tepu ya karatasi kwenye nguo ya ndani, sawa na ukingo wa juu wa kila bamba: kifua, mgongo, mabega, mapaja na miundi. Kisha atembee hatua 20, achuchumae mara tatu, apande na kushuka ngazi kumi, apime tena. Bamba lililohama zaidi ya milimita 20 kutoka kwenye tepu halijapita. Mapaja ndiyo husumbua, kwa kuwa yanashuka yakiwa yamefungwa kwa lastiki peke yake. Lastiki inabana lakini haibebi. Bamba la paja libebwe na mkanda wa nailoni wenye upana wa milimita 25 au zaidi unaoning'inia kutoka kwenye mshipi wa kiunoni, na lastiki ibaki ya kulituliza tu. Bamba la muundi liishie milimita 20 hadi 30 juu ya mkunjo wa kifundo, la sivyo kila hatua linasukumwa juu na kugonga goti. Mikanda yote ishikwe kwa ribiti yenye washa pande zote mbili, au kwa vifungo vya chuma vya kubonyeza. Velkro iliyobandikwa kwa gundi yake yenyewe haikubaliki mahali panapobeba uzito, kwani jasho na joto huilegeza.

Kwa deraya za sponji, wakaguzi wataangalia zaidi viungo na rangi. Sponji ya EVA ni jamii ileile ya soli za ndala, na gundi inayoifaa ni gundi ya viatu. Pakaza tabaka jembamba pande zote mbili, subiri dakika 10 hadi 15 mpaka kidole kikigusa gundi isikifuate, ndipo ukutanishe. Ukiharakisha, kiyeyushi kinanaswa ndani. Kiungo kitaonekana kimeshika siku hiyo, kisha kifunguke siku ya jua. Ukikawia sana gundi inakufa na unatakiwa kupaka tena. Kisu nacho kiwe kikali kweli. Kisu butu hurarua sponji na kuacha ukingo wenye meno, na hapo hakuna gundi itakayouficha mshono. Kwa bamba la kifua unene wa milimita 10 unatosha, mikono milimita 5 au 6, na mapambo ya juu milimita 2.

Kabla ya rangi, pitisha hewa ya moto juu ya sponji mpaka uso wake ubadilike kutoka kufifia na kuwa na mng'ao hafifu. Mng'ao huo ndio dalili kwamba vitundu vimejifunga. Usingoje zaidi, maana sponji inaanza kusinyaa na kutoa malengelenge. Kisha paka tabaka tatu au nne za mpira wa kupuliza, kila moja ikauke kwanza, halafu ndipo rangi. Rangi ngumu iliyopakwa moja kwa moja juu ya sponji hupasuka kwenye kiwiko na goti kwa sababu sponji inakunjwa na rangi haikunjiki. Nyufa zinazoonekana kwa mita 3 hazipiti hata daraja la kwanza. Mikwaruzo iliyopakwa makusudi, ya kuonyesha deraya imetoka vitani, inaruhusiwa, mradi iwe mahali ambapo chuma kingekwaruzika kweli: kwenye kingo, vifundo na sehemu zinazosuguana.

Kwa vipande vya printa, mistari ya tabaka inayoachwa na printa isionekane kwa mita 3 katika daraja la kwanza wala kwa mita 1 katika daraja la pili. Msasa namba 80 au 120, puti nyembamba, msasa 220, praima nzito, msasa 400. Anayeruka hatua ya praima hugundua mistari baada ya rangi kukauka, wakati umeshapita. Na tafadhali zingatieni joto. Plastiki ya PLA inaanza kulainika karibu na nyuzi 60 za Selsiasi, na gari lililofungwa juani linaweza kufika huko ndani, hasa karibu na kioo cha mbele. Plastiki ya PETG huvumilia hadi karibu nyuzi 80, ABS karibu 105. Klabu haitamkataza mtu kutumia PLA, lakini helmeti iliyopinda itahesabiwa kuwa haina idhini mpaka itengenezwe.

Usalama hauna madaraja. Aliyevaa, akiwa na glavu zake, aweze kuvua helmeti mwenyewe ndani ya sekunde 10. Akiwa amesimama wima aone chupa iliyowekwa sakafuni mita 2 mbele yake. Kuinamisha kidevu kunaruhusiwa. Aone pia mkono ulioinuliwa kwa pembe ya nyuzi 45, kushoto na kulia, bila kugeuza mwili. Helmeti iliyozibwa kabisa iwe na njia ya hewa. Feni mbili za milimita 40 zinatosha, moja ikivuta hewa kuelekea mdomoni na nyingine ikiitoa nje karibu na paji la uso. Zikielekezwa zote ndani, kioo kinajaa ukungu. Betri ikae ndani ya kasha, swichi ifikiwe bila kuvua deraya, na fyuzi iwe kwenye waya chanya karibu kabisa na betri. Silaha za maonyesho zisiwe na chuma kwenye ukingo wala ncha, ukingo usipungue milimita 6, na ncha ikibonyezwa kwa kiganja ijikunje.

Picha ndizo zilizoleta malalamiko mengi, na kwa haki. Simu ikishikwa karibu, kwa lenzi pana, kile kilicho karibu nayo huvimba na kilicho mbali husinyaa. Helmeti sahihi inaonekana kubwa, miguu inaonekana mifupi, na mjenzi anarudishwa kwa kosa la kamera. Kuanzia sasa picha zipigwe kutoka mita 3 au zaidi, kamera iwe kwenye kimo cha kifua, bila lenzi pana, ukuta ukiwa wa rangi moja na mwanga usio na kivuli kikali. Zinatakiwa nane: mbele, nyuma, kushoto, kulia, mbele bila helmeti, mikono ikiwa imeinuliwa, helmeti peke yake pamoja na rula ya sentimita 30 kando yake, na mikanda ya ndani. Picha iliyorekebishwa rangi au umbo haitapokelewa.

Kila ombi litasomwa na wakaguzi wawili, kila mmoja peke yake. Wakitofautiana, wa tatu anaamua. Mkaguzi aliyemuuzia mwombaji kipande chochote, au aliye ndugu yake, anajitoa. Jibu litolewe ndani ya siku 14, nalo likiwa la kurudisha litaje namba ya kifungu, lionyeshe picha inayohusika na liseme kitakachokubaliwa. Jibu lisilo na mambo hayo matatu si jibu, na mwombaji ana haki ya kulirudisha kwa katibu. Rufaa itasikilizwa na wanachama watatu ambao hawakuhusika na ukaguzi wa kwanza.

Deraya zilizoidhinishwa zamani zinabaki na idhini yake kwa upande wa umbo. Kwa upande wa usalama hazina msamaha, nazo zitapimwa zote kabla ya kutoka tena na klabu.

Katika mkutano mkuu mtapigia kura mambo manne, kila moja peke yake: madaraja matatu, vipimo vya helmeti na mkao, vifungu vya usalama, na utaratibu wa wakaguzi na rufaa. Mwenye pendekezo la kubadilisha kipimo chochote alete kwa katibu, kwa maandishi, siku 7 kabla ya mkutano, akieleza namba anayoitaka na namna mjenzi atakavyoipima nyumbani.

Mwenyekiti