Barua kwa mwanangu: Ijumaa usiondoke jioni

Mwanangu,

Ile sauti uliyonitumia jana nimeisikiliza mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa naisikiliza gari, si maneno yako. Ukiwasha haiwaki, inalia tak-tak-tak mfululizo, na umesema taa za dashibodi zinafifia. Hiyo ni betri, mama. Ingelia tak moja nzito ikanyamaza, ningesema stata, ile mota ya kuzungushia injini. Ingekuwa injini inazunguka kwa nguvu ila haishiki, hapo tungeulizana habari za pampu ya mafuta na plagi. Huyo fundi anayetaka kushusha stata mwambie asubiri kwanza.

Na Ijumaa usiondoke Manyoni jioni kuja nyumbani.

Fungua boneti ushike vibano vya betri. Visicheze hata kidogo. Ukiona unga mweupe au wa kijani, fungua hasi kwanza, kisha chanya, mwagia maji ya moto kidogo kidogo, sugua kwa mswaki mkuukuu. Kufunga ni kinyume chake, hasi mwisho. Halafu ipimwe. Gari ikiwa imelala imezimwa, betri nzima inasoma volti 12.6 hivi, ikisoma 12 au chini, imekwisha chaji. Gari ikishawaka isome kati ya 13.8 na 14.4. Isipofika hapo altaneta, ile inayochaji betri injini ikiwaka, haifanyi kazi, na hata betri mpya utaiua.

Wakikubusti kwa betri ya gari nyingine, ule waya mweusi wa mwisho ubanwe kwenye chuma cha injini, mbali na betri yako. Cheche juu ya betri si mchezo. Na vijana wasijitolee kusukuma, gari yako ni otomatiki, haiwaki kwa kusukumwa.

Utauliza mbona haya sikukufundisha. Kaka yako nilimpa spana, wewe nikakupa tochi ushike. Leo yeye hata tairi anaita mtu. Basi. Na hiyo betri niliyokwambia mpya, ilikuwa mpya kwetu. Mama yako hilo halijui, na hana haja ya kulijua. Hela nimekutumia kwenye simu, nunua yenye tarehe ya karibuni.

Ukitoka kazini jioni, mlima wa Saranda unaushuka na malori, Bahi unaingia giza. Ikizimika Kintinku usiku utamwita nani? Ndiyo, wewe ni mtu mzima, nakujua, na kanisani mimi ndiye ninayewatangazia kwamba binti yangu anajiendesha mwenyewe. Lakini njoo Jumamosi asubuhi. Au panda basi, gari haitalia.

Zabibu za nyuma ya nyumba zimeanza kuiva na ndege wameshajua. Mbuzi wa jirani kaingia tena, nimenyamaza. Mama yako anataka asali ya nyuki wadogo, lita mbili, na dumu uliweke mbele miguuni, si kwenye buti kama mwaka jana.

Kesho asubuhi ukiwasha, nirekodie tena. Usiongee kitu, niache niisikie.

Baba yako