YAH: MALALAMIKO KUHUSU KIBODI YA VITUFE 64 ILIYOANDIKWA "MPANGILIO WA KAWAIDA"

Meneja,
Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mhazili. Kazi hii niliisomea hapahapa Tabora, Chuo cha Uhazili, enzi za taipureta. Nilitoka na hatimkato ya maneno 100 kwa dakika, nikaitumikia Serikali mpaka nikastaafu, na sasa nina steshenari yangu huku Ng'ambo. Naeleza haya kwa sababu kijana wenu aliyepokea simu aliniambia, kwa adabu zote, kwamba "labda mama hujaizoea kompyuta."

Kibodi niliinunua kwenu kwa shilingi 185,000, ikaja na basi, na risiti ya EFD ninayo. Nilitaka ndogo kwa kuwa meza yangu ina kompyuta, printa, mashine ya lamineshi na kopo la kalamu za wateja. Kibodi kubwa ya vitufe 104 ilikuwa inakula nusu ya meza, na ule upande wa tarakimu unaweza kupita mwezi sijaugusa. Mpwa wangu, mtaalamu wa mambo haya katika ukoo wetu, akanishauri nichukue ya mekanika: kila kitufe kina swichi yake na springi yake, swichi moja ikifa unaing'oa unachomeka nyingine, kibodi inaendelea na kazi. Nikamwambia, basi hiyo ni taipureta imerudi mjini.

Kwa upande huo sina ugomvi nanyi. Vitufe vina uzito unaotakiwa, mlio wake si wa kuwakera wateja, na herufi hazijafutika hata kwa mikono yangu isiyoisha wino. Ritifaa mmeiacha palepale kando ya Enta, kidole cha mwisho kinaifikia bila mkono kuhama, na anayeandika ng'ombe, Ng'ambo na kung'ang'ania kutwa nzima anaijua thamani ya jambo hilo. Ningeulizwa swichi tu, ningewapa alama zote.

Tatizo ni mstari wa chini wa herufi.

Siku ya kwanza nilijilaumu mwenyewe. Nikiandika "mzee" inatoka "mxee". "Vizuri" inakuwa "bizuri". "Baba" ikawa "nana", na kwenye "mama" zikaingia koma. Nikabadili kiti, nikaweka kitabu chini ya kibodi, nikaenda hata kupima macho, ingawa macho hayahusiki, maana mimi sitazami vitufe. Tulifundishwa kutazama nakala. Siku ya tatu nikachukua rula.

Shifti ya kushoto kwenye kibodi iliyozoeleka ina upana wa vitufe viwili na robo. Yenu ina viwili kamili. Robo hiyo mliyoikata imeuvuta mstari wote, kuanzia Z mpaka kwenye kiulizo, ukasogea kushoto karibu milimita 5. Tangu enzi za taipureta mstari wa chini umekaa nusu kitufe kulia kwa mstari wa katikati. Ilikuwa hivyo kwa sababu kila kitufe kilikuwa na chuma chake, na vyuma vilihitaji nafasi ya kupishana. Vyuma vimeshaondoka, lakini ile nusu imebaki vidoleni mwetu. Kwenye kibodi yenu ni robo. Anayeandika kwa vidole viwili huku anatazama hatapata shida, ataiona N ataibonyeza. Kidole changu kinakwenda pale N ilipokuwa tangu nikiwa msichana, na siku hizi kinatua kwenye ufa kati ya N na M.

Ndugu Meneja, sijui kama nyumbani kwenu mnazungumza Kiswahili. Kama mnazungumza, chukueni neno "kuna", mtoe N, muweke M. Sitaliandika hapa.

Alikuja mzee mmoja, mwalimu mstaafu, mwenyekiti wa kamati ya harusi. Tangazo lenyewe fupi: Ndugu wanakamati, kuna kikao Jumamosi saa kumi jioni. Nikachapa, nikatoa nakala 40, akalipa akaondoka. Baada ya nusu saa akarudi, miwani mkononi, akasubiri wateja wapungue, kisha akaniwekea karatasi juu ya meza na kidole kwenye mstari wa pili. "Mama, soma hapo. Usisome kwa sauti." Nakala 11 zilikuwa zimeshagawiwa, mojawapo kwa mama mzazi wa bibi harusi. Msinijibu kwamba kompyuta ina kusahihisha tahajia. Kompyuta yangu huyapigia maneno yote ya Kiswahili mstari mwekundu, la heshima na la matusi sawasawa.

La pili ni Shifti ya kulia. Kwa mliosahau somo: herufi kubwa ya mkono wa kushoto hupigwa kwa Shifti ya kulia. Sasa hesabuni herufi za mwanzo za maneno ninayoandika kila siku. Tanzania. Tabora. Serikali. Wizara. Dar es Salaam, mara mbili katika jina moja. Zote ni za mkono wa kushoto. Shifti ya kulia iliyokuwa na upana wa vitufe viwili na robo tatu ninyi mmeifanya kitufe kimoja, kimebanwa katikati ya kiulizo na mshale wa juu kama abiria wa katikati kwenye daladala. Kidole kinatua kwenye mshale. Kasa, kile kistari kinachoonyesha mahali unapoandika, inaruka mstari wa juu, na "dar es salaam" kwa herufi ndogo inaingia tumboni mwa sentensi nyingine, mimi niko macho kwenye nakala sina habari. Barua moja ya mirathi ilitoka hivyo. Niliichapa upya mara tatu.

Mpwa wangu alijaribu kuniokoa. Aliingia kwenye programu yenu, akaugeuza mshale wa juu kuwa Shifti. Ikasaidia, ila sasa sina mshale wa juu, yaani kile kitu kilichowafanya mzibane Shifti zote mbili tangu mwanzo. Kwa mstari wa herufi akanyanyua mikono. Programu hubadili kazi ya kitufe, haihamishi kitufe. Nikauliza kama tunaweza kununua Shifti nyingine ya kawaida tuivishe, akacheka. Ya kawaida ni pana kuliko nafasi iliyopo.

Naelewa kilichowasukuma. Mlitaka mishale minne ndani ya kibodi yenye upana wa vitufe 15, kama sentimita 28 na nusu, na upana huo ulishajaa. Wengine walipofika hapo walichagua. Mpwa wangu alinionyesha ile ya Kijapani iitwayo Happy Hacking Keyboard, iliyotoka mwaka 1996, yenye vitufe 60 tu. Eiiti Wada aliyeibuni aliiondoa mishale kabisa, unaipata kwa kushikilia kitufe cha Fn. Ni uamuzi mkali, mimi binafsi nisingeupenda. Lakini Shifti ya kushoto aliiacha na robo yake na herufi zote akaziacha nyumbani kwake. Halafu ziko hizi za vitufe 68, mnaziuza ninyi wenyewe, ambazo zimeongeza safu moja upande wa kulia: mishale ipo, Shifti ya kushoto nzima, ya kulia bado inafikika. Tofauti ya upana ni kitufe kimoja, sentimita mbili hazifiki. Meza yangu ingezitoa sentimita hizo bila manung'uniko.

Kwa hiyo silalamikii udogo. Nalalamikia kwamba mlipotakiwa kupunguza hamkugusa kitufe cha Delete, ambacho kimekaa raha mustarehe kwenye kona baada ya mshale, mkaenda kuzikata herufi ambazo mtu anazigusa maelfu ya mara kwa siku. Aliyekaa na mchoro huo amewahi kuandika ukurasa mmoja bila kutazama chini?

Niliwaandikia kuomba kurudisha. Mkanijibu kwa mistari miwili kwamba bidhaa haina kasoro, "huo ndio usanifu wake." Nakubaliana nanyi neno kwa neno. Hakuna kilichovunjika wala kulegea, kiwanda kimetengeneza sawasawa kile kilichochorwa. Lakini boksi linasema kwa herufi kubwa "mpangilio wa kawaida", na picha mliyoweka imepigwa kwa ubavu, taa za rangi zinawaka, mtu hawezi kupima Shifti hata akitaka. Kama mngeandika "mstari wa chini umesogezwa", ningeiacha rafuni na leo tusingesumbuana. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inazungumzia maelezo yanayompotosha mlaji, na siku 14 zikipita bila jibu nakala ya barua hii itakwenda Tume ya Ushindani pamoja na picha nilizopiga rula ikiwa juu ya vitufe.

Ninachoomba ni kubadilishiwa nipate ile ya vitufe 68 yenye swichi za aina hiihii, nami nitaongeza fedha ikiwa bei imezidi, au nirudishiwe shilingi 185,000 pamoja na nauli ya basi. Na boksi mlisahihishe. Kuna wahazili wengi, makarani wa mahakama na wanafunzi wa uhazili ambao watalisoma na kuliamini kama nilivyoliamini mimi. Hilo neno la kwanza la sentensi iliyopita nimelikagua mara mbili.

Kibodi imeshafungwa kwenye boksi lake, na waya wake na kile kikoleo cha kung'olea vitufe, inasubiri mseme iende kwa basi lipi. Barua hii nimeichapa kwa ile kubwa ya zamani. Kopo la kalamu liko sakafuni.

Mteja wenu,

Mhazili, Ng'ambo, Tabora.