YAH: KAMERA YA DIJITALI ISIYOLINGANA NA BOKSI LAKE

Ndugu Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Ni mwezi wa pili sasa natumia kamera yenu ndogo ya megapikseli 2. Kamera yenyewe sina ugomvi nayo mkubwa. Picha zake za mchana zinapendeza, na ukiisogeza karibu na ua inakamata hadi chavua. Nilisafisha picha moja ya pikseli 1600 kwa 1200 kwa ukubwa wa kadi ya posta, na walioiona walidhani imetoka kwenye filamu. Malalamiko yangu ni juu ya boksi: maandishi yaliyo nje na vitu mlivyotia ndani.

Nje mmeandika “Usikose tukio tena”. Ukibonyeza kitufe, kamera inatafuta fokasi kwanza, inapima mwanga, ndipo inapiga, karibu sekunde nzima baadaye. Nina picha nne za mpwa wangu akiruka kamba. Tatu ameshatua, ya nne ni kisogo tu. Nilikuja kugundua mwenyewe kwamba ukibonyeza nusu ukangoja, kisha ukamalizia, inapiga upesi zaidi. Mwongozo unaligusa jambo hilo kwa sentensi moja, mwishoni.

Nje pia mmeandika “Zumu mara 6”. Lenzi inavuta mara 3. Ili kufika 6, kamera inakata katikati ya picha na kuikuza mara 2 (3 kwa 2 ni 6), kazi ambayo hata kompyuta yangu inaiweza. Huko si kuzumu, ndugu yangu.

Ndani ya boksi nilikuta betri nne za alkalini. Zilikata kabla sijafikisha picha 30, skrini ikiwa imewashwa na flashi ikifanya kazi. Nikanunua nyingine nne, hadithi ikawa ileile. Cha kushangaza, moja ya betri hizo “zilizokufa” inaendesha saa yangu ya ukutani hadi leo. Hazikuwa zimeisha, hazimudu tu umeme mwingi ambao kamera inaudai kwa mkupuo. Nilipoazima betri za kuchaji za nikeli nilipiga picha siku nzima. Bila shaka mafundi wenu wanalijua hili. Kwa nini basi mteja apewe za alkalini?

Kadi ya kuhifadhia picha nayo ni ya MB 8. Kwa ubora wa juu inaingiza picha kama 10, wakati mkanda wa filamu niliouacha ulikuwa na 36.

Macho mekundu kwenye picha za usiku nayavumilia, kwani flashi iko karibu mno na lenzi. Skrini kutoonekana juani nayo naivumilia, maana kuna kidirisha cha kuchungulia.

Nilipowaandikia mara ya kwanza nilijibiwa nisome mwongozo. Nimeusoma, mara mbili.

Ninachoomba ni seti ya betri za kuchaji pamoja na chaja yake, na kadi ya MB 64. Mkishindwa, pokeeni kamera mnirudishie fedha zangu. Nangoja jibu la maandishi ndani ya siku 14. Nimeambatanisha nakala ya risiti na zile picha nne za kamba.

Wenu,
Mteja