Risala ya Waashi, Maseremala na Waongozaji Wageni kuhusu Majengo ya Turathi ya Nairobi

Mheshimiwa mgeni wa heshima, maafisa mlioandamana naye, walimu, wanafunzi, wazee wa mitaa, mabibi na mabwana, hamjambo.

Kwa niaba ya waashi, maseremala na waongozaji wageni walio katika kikundi hiki, tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Karibu sana. Tunajua ratiba yako imejaa, lakini tunakuomba utuvumilie, maana tunayotaka kukueleza ni ya kazi na hayaelezeki kwa maneno mawili.

Mheshimiwa, jiji hili bado ni changa. Reli ilifika hapa mwaka wa 1899, kwenye uwanda wa majimaji ambao Wamaasai waliuita mahali pa maji baridi. Sheria ya Makavazi na Turathi ya Kitaifa ya 2006 inapovipima vitu vya kale vinavyohamishika, inahesabu vya kabla ya mwaka wa 1895. Nairobi ilikuwa haijazaliwa. Nyumba ya hapa, hata iwe na miaka mia moja na zaidi, hailindwi kwa kuwa imezeeka. Inalindwa pale Waziri anapoitangaza chini ya kifungu cha 25, baada ya kushauriana na Makavazi ya Kitaifa, shirika la serikali linalosimamia turathi, na tangazo likatoka katika Gazeti Rasmi la Serikali. Mwenye pingamizi hupewa miezi miwili ya kuliwasilisha.

Tangazo lenyewe ni mistari michache tu. Hutaja nambari ya ardhi, ukubwa wa kiwanja kwa hekta, na jengo lililomo. Ndiyo maana anayependekeza jengo hulazimika kuanzia kwenye rekodi za ardhi kabla hajaandika neno lolote la historia. Tarakimu moja ikikosewa, kinacholindwa ni kiwanja cha jirani. Baada ya hapo anahitaji picha za pande zote nne, paa, ngazi na milango ya ndani, ramani iliyopimwa kwa futi kamba, na maelezo ya nani alijenga na jengo lilitumikaje. Kipindi cha hatari ni kati ya siku pendekezo linapojulikana na siku tangazo linapochapishwa, kwa sababu katika siku hizo jengo halina kinga yoyote, na tingatinga linahitaji usiku mmoja tu.

Yapo majengo yaliyobahatika. Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka wa 1931 jirani na Msikiti wa Jamia, ina sheria yake yenyewe iliyotungwa mwaka wa 1938. Ofisi ya zamani ya Mkuu wa Mkoa, ya mwaka wa 1913, pale Barabara ya Kenyatta inapokutana na Uhuru Highway, leo ni jumba la sanaa, na ndipo umbali wa barabara zetu ulipokuwa ukianza kuhesabiwa. Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa imo ndani ya jengo la benki la mwaka wa 1906. Kipande House, ambamo Waafrika waliandikishwa na kupewa kile kitambulisho cha kuning'inizwa shingoni ndani ya kikopo cha chuma, ni tawi la benki. Tunaliona jambo hilo kuwa jema. Jengo lenye watu kila siku hupata mtu wa kuona dari ikilowa.

Maji, Mheshimiwa, ndiyo adui wa kwanza. Mijakaranda ya jiji huchanua kuelekea Oktoba, wakati ule ule mvua za vuli zinapokaribia. Maua huanguka juu ya vigae, yakateleza hadi kwenye gata, yakalowa na kuwa uji mzito wa zambarau unaoziba mdomo wa bomba. Mvua ya kwanza ikinyesha, maji hupanda, yakarudi nyuma chini ya vigae na kuingia kwenye ncha za kenchi, zile mbao zinazobeba paa, mahali zinapolala juu ya ukuta. Hapo mbao huoza kimyakimya, na mchwa hupenda mbao iliyolowa. Kazi ya kuzuia haya yote ni ya mtu mmoja, ngazi, ndoo na glavu, mara mbili kwa mwaka: mwishoni mwa Februari kabla ya masika, na tena Oktoba baada ya maua mengi kudondoka. Akiwa juu, ang'oe pia miche ya mikuyu inayoota kwenye nyufa za ukingo wa paa. Mche wa urefu wa kidole hutoka kwa mkono. Ukiachwa hadi mizizi inenepe, utatoka na mawe.

Adui wa pili, na hili tunalisema kwa uchungu, ni ukarabati unaofanywa kwa nia njema. Kuta nyingi za zamani za mji huu ni za jiwe la kijivu la volkano lililochongwa katika machimbo ya Nairobi, na mishono kati ya mawe ilijazwa chokaa. Jiwe hilo hunywa maji wakati wa mvua, kisha huyatoa jua linapowaka, na sehemu kubwa hutokea kwenye mshono wa chokaa kwa kuwa ndio laini zaidi. Fundi wa leo akija na saruji, anaziba mlango huo. Maji yanabaki ndani ya jiwe na kutafuta njia kupitia uso wake, yakibeba chumvi. Baada ya misimu michache ya mvua, saruji imesimama imara kama fremu, na jiwe lenyewe limebabuka na kuingia ndani. Rangi za plastiki huleta madhara hayo hayo, zikivimba malengelenge ambayo ukiyatoboa yanamwaga unga.

Njia ya kutengeneza inajulikana, na haina siri. Mshono ulioharibika huchimbwa kwa nyundo na tindo nyembamba, si kwa mashine ya kukatia, kwa sababu mashine ikiteleza mara moja inakata ukingo wa jiwe na alama haifutiki. Kina kiwe mara mbili ya upana wa mshono, na kisipungue sentimita 2.5. Vumbi lisafishwe, kisha ukuta uloweshwe hadi uwe na unyevu bila kutiririka. Mchanganyiko ni sehemu 1 ya chokaa kwa sehemu 3 za mchanga wa mto uliochekechwa. Chokaa ya mfuko ilowekwe majini angalau usiku mmoja. Mchanga upimwe kwa chupa ya kioo: tia mchanga na maji, tikisa, acha utulie, tope linalokaa juu likizidi sehemu moja ya kumi, mchanga huo uoshwe kwanza. Mshono ushindiliwe kwa tabaka, halafu ufunikwe kwa magunia mabichi kwa siku 5 hadi 7, yakinyunyiziwa maji asubuhi na jioni. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Chokaa hukomaa polepole kwa kuvuta hewa. Ikikaushwa na jua siku ya kwanza inakuwa unga, na mvua kubwa ikiipiga mapema inasombwa. Miezi ya Juni hadi Agosti, yenye mawingu na baridi ya Nairobi, ndiyo tunayoipenda kuliko yote.

Mabango ya biashara nayo yana kanuni. Msumari wa chuma ukipigwa katikati ya jiwe hupata kutu, kutu huvimba, na jiwe hupasuka kuanzia tundu lile. Tundu litobolewe kwenye mshono, kwa bolti zisizoshika kutu, ili bango likiondoka mshono ujazwe na yaishe.

Kuhusu nyufa, tunaomba watu wasikimbilie kuzipaka plasta. Maeneo mengi ya mashariki na kusini mwa jiji yana udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao huvimba mvua ikinyesha na kusinyaa wakati wa kiangazi. Weka alama mbili za penseli pande zote za ufa, andika tarehe ukutani, pima kwa rula kila mwezi kwa mwaka mzima. Ufa unaopanuka kiangazi na kujifunga masika unatokana na udongo, na dawa yake huenda ikawa bomba linalovuja au mti ulio karibu mno na msingi. Ufa unaopanuka tu bila kurudi ni wa kumwita mhandisi wiki hiyo hiyo.

Mheshimiwa, sasa tuje kwenye pengo ambalo fundi hawezi kuliziba kwa mwiko. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inaiachia Serikali ya Kitaifa majengo na maeneo ya kale ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa, na inazipa kaunti mipango na maendeleo ya kaunti. Kwa hiyo anayelinda jengo na anayetoa kibali cha kujenga wamekaa katika ofisi mbili. Afisa wa vibali anayeletewa ombi la kubomoa anaona nambari ya ardhi na michoro. Iwapo hakuna kitu mbele yake kinachomwambia kuwa nambari hiyo imo katika Gazeti Rasmi, atajuaje?

Ombi letu la kwanza, basi, ni kwamba nambari za ardhi za majengo yote yaliyotangazwa Nairobi ziingizwe katika mfumo wa vibali wa kaunti, ili ombi lolote juu yake lisimame lenyewe hadi Makavazi yajibu kwa maandishi. Hili ni kubwa kuliko mengine yote tunayoomba.

Tunaomba pia kazi ya chokaa ifundishwe katika vyuo vya ufundi. Vijana wanahitimu uashi bila kuwahi kuishika, halafu wanapelekwa kwenye ukuta wa mwaka wa 1913 wakiwa na saruji peke yake.

Na tunaomba macho yageukie mashariki ya mji. Kaloleni ilijengwa miaka ya 1940, nyumba za mawe zilizopangwa kuzunguka viwanja vya wazi, na ukumbi wake uliwakusanya watu kusikiliza siasa za kudai uhuru. Pumwani, iliyopimwa mapema miaka ya 1920, ilijaa nyumba za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma. Nyumba hizo za udongo na fito zinaondoka moja moja. Nyumba moja ikitangazwa peke yake huku uchochoro wake ukivunjwa, haielezi watu waliishije. Mombasa na Lamu miji ya kale ililindwa kwa eneo zima, na sheria inaruhusu eneo kutangazwa kuwa la hifadhi. Tungependa kuona mitaa ya Eastlands ikifikiriwa hivyo, wakazi wakiwa mezani tangu siku ya kwanza, kwa kuwa ni wao watakaokaa na masharti hayo.

Pamoja na risala hii tunakukabidhi vipande viwili vya ukuta mmoja: jiwe lililokaa na chokaa, na jiwe lililokaa na saruji. Tafadhali vipitishie kidole kabla hujaondoka, kisha viweke mezani mwa atakayeshughulikia ombi letu la vibali.

Ni sisi, wanachama.