Daftari tupu si ushahidi kwamba mtoto hakusoma

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwajibu wazazi, na kwa heshima zote niwaombe walimu wakuu jambo moja.

Muhula huu wazazi kadhaa wa watoto ninaowafundisha Darasa la Tano wamekuja kulalamika. Mtoto anarudi nyumbani sare imejaa udongo, daftari la Hisabati lina mistari minne, na akiulizwa alisoma nini anajibu, "Tulikuwa bustanini." Mzazi anaona siku nzima imeishia kwenye mchezo. Hofu yao naielewa. Watoto hawa ndio walioanza na mtaala mpya wakiwa Darasa la Tatu mwaka 2024, na mwaka 2027 watamaliza elimu ya msingi wakiwa Darasa la Sita, sawia na kaka na dada zao wa Darasa la Saba. Makundi mawili kumaliza mwaka mmoja si jambo dogo.

Sasa niwaeleze siku hiyo ya udongo ilivyokwenda. Hisabati ilikuwa na vipindi viwili mfululizo, yaani dakika 80. Tulikwenda kupima tuta la mchicha la shule. Kundi moja likapima kwa hatua, jingine kwa kamba iliyopigwa fundo kila mita. Majibu yakapishana, wakabishana sana, mwishowe wakakubali kamba: urefu mita nne, upana mita moja na nusu. Nikawauliza: tunataka kuzungushia wavu ili kuku wasiingie, na tunataka kutandaza samadi. Wapi tutahitaji mita 11, na wapi mita sita za mraba? Mzingo na eneo huwachanganya watoto hata baada ya kunakili kanuni zote mbili ubaoni na kuzikariri. Pale tutani binti mmoja ambaye ni nadra kunyoosha mkono alipiga magoti, akapitisha kiganja juu ya udongo, akasema, "Samadi inalala humu ndani. Wavu unapita pembeni tu." Wenzake wakaelewa papo hapo. Hiyo ndiyo mistari minne iliyomo daftarini.

Kipindi cha Sayansi tukachukua udongo wa palepale, na mwingine wa kichanga na wa mfinyanzi, tukautia kwenye chupa za maji zilizokatwa na kufungwa kitambaa mdomoni. Kila chupa ikamiminiwa kikombe kimoja cha maji. Kwenye kichanga yalichuruzika mara moja, kwenye mfinyanzi yakatuama juu. Kwenye Kiswahili wakaandika barua kwa mwalimu wa mazingira kumshauri pa kuotesha miche. Watoto ambao insha huwatoa jasho waliandika ukurasa mzima, kwa sababu walikuwa na la kusema.

Saa za mwisho zilikuwa za Sanaa na Michezo, na hapa ndipo penye kilio changu. Tulisuka ukili. Mvulana mmoja anayejikunyata kila Hisabati inapoanza ndiye aliyekuwa mwalimu siku hiyo, maana bibi yake anauza mikeka na yeye husuka naye. Alikuwa akiwahesabia wenzake miyaa, anawaonyesha walipokosea, anawafumulia na kuwaanzishia upya. Sijawahi kumsikia akizungumza kwa kujiamini kiasi kile. Wiki iliyofuata alijitokeza ubaoni mwenyewe.

Kipindi hicho ndicho cha kwanza kunyang'anywa mtihani unapokaribia. Nimefundisha shule ambayo Sanaa na Michezo ilibaki kwenye ratiba ya ukutani tu, huku watoto wakifanya majaribio ya kuchagua A, B, C au D tangu asubuhi hadi jioni. Kufikia saa nane mchana nusu ya darasa walikuwa wanasinzia, na waliokuwa macho walikuwa wanabahatisha.

Najua kuna madarasa yenye watoto wengi mno, dawati moja linakaliwa na wanne. Kuwatoa nje wote pamoja haiwezekani. Mimi huwagawa: nusu bustanini na mwalimu mwenzangu, nusu darasani na kazi ya maandishi, kisha wanapokezana. Inachosha, na inataka walimu wawili waliopanga pamoja. Chupa na kamba, kwa upande mwingine, hazitugharimu chochote.

Ninachoomba kwa walimu wakuu ni kwamba vipindi vya Sanaa na Michezo vifundishwe kama vilivyopangwa, hata muhula wa mtihani, na ratiba iruhusu vipindi pacha angalau mara moja kwa wiki. Wathibiti ubora wa shule nao wanapokuja wasiishie kuhesabu kazi zilizosahihishwa daftarini, wakae na mtoto wamuulize aeleze alichofanya. Nanyi wazazi, mtoto akisema alikuwa bustanini, mwombeni apime meza ya nyumbani, awaambie mzingo wake na eneo lake.

Mwalimu wa Darasa la Tano,
Muheza, Tanga.